Je, wajua kwa nini gari kuukuu huzima ghafla, kisha likipoa linawaka kama kawaida?

Karibu kila gereji ya Dar es Salaam inalijua lalamiko hili. Corolla ya miaka ya 1990 haina tabu asubuhi, lakini ikikutwa na foleni ya Kimara saa saba mchana, inazima bila hata kumisi (kukohoakohoa). Betri ina nguvu, stata inazungusha, petroli imo, gari haliwaki. Baada ya nusu saa fundi anafika na bodaboda, anapiga stata mara moja, injini inaitika. Sasa apime nini?

Chanzo ni joto. Injini ya petroli hudai mafuta, cheche na mgandamizo, kila kimoja kwa wakati wake. Kinachokatika ghafla na kurudi chenyewe mara nyingi ni cheche, kwa kuwa vifaa vinavyoizalisha ni vya umeme, na joto huvibadilisha. Ndani ya koili, kifaa kinachopandisha volti ili cheche ipatikane, kuna waya mwembamba wa shaba uliozungushwa maelfu ya mara. Ukinzani wa shaba hupanda kwa karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, hivyo kutoka nyuzi 20 hadi 100 unaongezeka kwa takriban asilimia 30. Koili nzima huvumilia hilo. Iliyochoka haivumilii: waya wenye ufa unatanuka na kuachana, au vanishi (utando unaozuia umeme usivuje) iliyoungua inaruhusu umeme wa zaidi ya volti 20,000 kukimbilia kwenye bodi ya injini badala ya kwenda kwenye plagi. Ikipoa, waya unagusana tena na gari linawaka.

Tena injini ikizima, joto chini ya boneti hupanda kwanza kabla ya kushuka. Maji hayazunguki, upepo wa safari umekwisha, na chuma kinaendelea kumwaga joto lake juu. Ndiyo maana kusubiri dakika tano tu hakusaidii kitu.

Koili si mshukiwa pekee. Injini za Toyota kama 4A-FE na 5A-FE zenye distribyuta, yaani kifaa kinachogawa cheche kwa kila plagi, zina visensa vidogo vya sumaku humo ndani, vinavyoijulisha kontroli boksi (kompyuta ya injini) kuwa injini inazunguka. Sensa ikikata, kontroli boksi inaona injini imesimama, basi inakata cheche na pampu ya mafuta kwa pamoja. Hapo ndipo pesa za watu huteketea. Fundi anafungua bomba, haoni petroli ikija, anahukumu pampu. Pampu mpya inafungwa, gari linatembea vizuri siku za baridi, kisha linazima palepale Kimara.

Kwa hiyo dakika ambazo gari limekufa ndizo za kupima, na dereva mwenyewe anaweza kuanza. Tazama mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) wakati linazima. Kama gari ni la gia za mkono, bado linatembea na gia imo, magurudumu yanaizungusha injini. Mshale ukidondoka sifuri papo hapo, umeme au sensa ndiyo imekata. Likivutavuta kwanza, likapoteza nguvu mlimani kama pale Kitonga, halafu ndipo likazima, elekeza macho kwenye mafuta. Pampu iliyomo ndani ya tangi hupozwa na petroli yenyewe, na wanaotembea na taa ya mafuta ikiwaka kila siku wanaichosha mapema.

Halafu piga stata na usikilize. Stata ikizunguka haraka isivyo kawaida, nyepesi, bila ule mdundo uliouzoea, acha hapohapo: huenda mkanda wa taimingi, unaozungusha kemshafti (shafti inayofungua valvu), umekatika. Kwenye 4A-FE mkanda ukikatika valvu hazigongani na pistoni, lakini injini nyingi nyingine hazina bahati hiyo. Kuhakikisha ni rahisi. Fungua kifuniko cha distribyuta, mtu apige stata kidogo, wewe tazama rota, kile kipande kinachozunguka ndani yake, bila kuigusa. Rota inazungushwa na kemshafti, na kemshafti inazungushwa na mkanda. Rota ikitulia wakati stata inalia, jibu limepatikana. Stata ikigota tu na injini haizunguki, hilo ni shauri jingine, pengine imenoki (imekwama ndani). Na usiuamini sana mshale wa joto, kwa sababu maji yakiisha kabisa sensa yake hubaki hewani na inaweza kuonyesha kuwa hali ni shwari.

Kama vyote hivyo ni vizima, funika koili kwa kitambaa kilicholoa maji, swichi ikiwa imezimwa, ukiangalia maji yasiingie kwenye plagi za nyaya. Gari likiwaka baada ya dakika chache wakati injini nzima bado ni ya moto, koili imejitaja. Gereji, fundi afanye kinyume chake: injini ikiwa baridi inanguruma, aipashe moto koili peke yake kwa mashine ya kukaushia nywele, mpaka izime.

Toyota nyingi za wakati huo pia zina kiboksi chini ya boneti kilichoandikwa DIAGNOSIS. Ukiunganisha tundu la TE1 na E1 kwa kipande cha waya kisha ukawasha swichi bila kuwasha injini, taa ya injini kwenye dashibodi inakonyeza. Mara moja, kituo, kisha mara mbili ni kodi (namba ya hitilafu) 12: mawimbi ya mzunguko wa injini hayafiki. Moja na nne ni kodi 14: mawimbi ya mfumo wa cheche yamepotea. Haigharimu kitu, na ni ajabu mafundi wangapi huanza na kubadilisha plagi badala ya hapo.

Ukigundua ni distribyuta, nyingi zinazouzwa Kariakoo zimetoka kwenye magari ya umri uleule wa lako. Inunue, lakini patana na muuzaji airudishe ikigoma, kisha lipeleke gari foleni saa saba mchana kabla siku za kurudisha hazijaisha.