"Open" si 开: makosa ninayoyasikia kila wiki kwa wanafunzi wa Kichina

Jana tena. Mwanafunzi wangu mtu mzima, mfanyabiashara wa taa anayepeleka mizigo Mombasa na Dar es Salaam, kaingia darasani jioni, giza limeshaanza, kasema: "Please open the light." Mtu anauza taa, lakini neno la kuwasha taa hana. Nilipomsahihisha akatoa simu, akanionyesha kamusi: open, 开, herufi inayotamkwa kai, yaani kufungua. "Mwalimu, kamusi imesema."

Nafundisha Kiingereza hapa Guangzhou, na hakuna kosa ninalolisikia mara nyingi kuliko hilo. Kinachoniuma zaidi ni kwamba siku hizi nalisikia likitetewa na walimu wenzangu wa Afrika Mashariki wanaofundisha Wachina, hapa na kwa mtandao. Basi nalisema lote leo.

Dhana: "open" na kai ni neno lilelile katika lugha mbili

Siyo. Maneno haya yanakutana kwenye mlango, dirisha, chupa na akaunti ya benki, kisha kila moja linashika njia yake. Ukiitazama herufi ya zamani, 開, utaona mlango, na ndani yake mikono miwili ikiondoa komeo. Herufi ziliporahisishwa miaka ya 1950 na 1960 mlango ukaondolewa, ikabaki 开. Lakini maana yenyewe ilikuwa imeshautoka mlango zamani. Kai deng ni kuwasha taa. Kai che ni kuendesha gari. Kai hui ni kuwa na mkutano, kai yao ni daktari kukuandikia dawa, kai wanxiao ni kufanya utani. Mtu aliye kaixin ana furaha. Na wafanyabiashara wetu wanaonunua bidhaa mtaa wa Xiaobei, hapa Guangzhou, wanaijua kai fapiao, kutoa ile risiti ya kodi.

Sasa mwanafunzi aliyekariri kwamba 开 ni "open" anaweka neno hilo mahali pote. "I opened the car to the market." "The doctor opened some medicine." "My boss is opening a meeting", akimaanisha bosi yumo mkutanoni, wakati Mwingereza ataelewa kwamba bosi ndiye anayeuzindua. Sarufi haina kasoro, ndiyo maana walimu wavivu wanaziacha zipite. Kosa limo katika neno lenyewe.

"Open" la Kiingereza halijauacha mlango. Lazima kuwe na ndani, kuwe na kizuizi, na kizuizi kiondoke. Sanduku, kitabu, mdomo, duka, barua: vyote vina ndani. Kwa hiyo swali ninalowafundisha ni moja tu: kina ndani, na unataka kuifikia? Ukimwambia fundi "open the TV" atachukua bisibisi, na atakuwa sahihi. "Open the car" ni kufungua mlango wa gari. Kuliendesha ni "drive". Mashine Kiingereza kiliipa "turn on" kwa sababu koki huzungushwa: koki ya maji, kisha ya gesi. Taa za gesi zilizoonyeshwa Pall Mall, London, mwaka 1807 hazikuwa na swichi. Umeme ulipoingia watu waliendelea na neno walilolizoea, likaongezeka "switch on".

Wanafunzi hunibishia kwa simu. Mbona tunasema "turn on the phone" halafu "open WeChat"? Jibu ni swali lilelile. WeChat unaingia ndani yake: kuna ujumbe, kuna picha, kuna malipo. Simu unaipa umeme tu. Ukisema "open the phone" umeibandua kifuniko.

Sasa niwageukie walimu wenzangu. Kosa hili linawapita kwa sababu masikio yetu yamelizoea. Sisi tunasema fungulia redio, fungulia maji, fungua kesi. Mwanafunzi akisema "open the radio", Kiswahili chetu kinaitikia na kalamu nyekundu inabaki mfukoni. Lakini jaribuni kumpa Mchina anayejifunza Kiswahili tafsiri ya neno kwa neno ya kifungua kinywa au kifungua mimba, muone kama atapata chai ya asubuhi na mtoto wa kwanza. Fungua ina nchi yake, kai ina nchi yake, "open" nayo ina yake. Mwalimu anayejua lugha mbili zinazofanya mchezo huu alipaswa kuwa wa kwanza kuliona kosa.

Ushauri wangu, na siuachi: msiwaruhusu waandike 开 pembeni mwa "open" kwenye daftari. Kila kitu kipewe ukurasa wake. Ukurasa wa taa: "turn on", "turn off", "switch", "dim". Ukurasa wa mkutano: "have", "hold", "attend", "open", kila neno na sentensi yake nzima. Ukurasa wa gari, wa simu, wa risiti, ambayo neno lake ni "issue". Mwanafunzi anayeshika kitenzi pamoja na kitu chake hatafuti kamusi kila akitaka kusema.

Dhana: "turn on" ni lugha ya mitaani, "open" ndiyo rasmi

Hii hutoka kwa watu waliofundishwa kwamba neno fupi peke yake lina heshima kuliko maneno mawili. Fungua mwongozo wowote wa mashine iliyotengenezwa Uingereza au Marekani: "turn on", "switch on".

Dhana: duka likifungwa ni "closed", basi likiwa wazi ni "opened"

Hapa nawahurumia, maana mantiki yao ni nzuri. Tatizo ni kwamba "open" tayari ni kivumishi, wakati "close" likiwa kivumishi lina maana ya karibu. Kwa hiyo "the shop is open", lakini "the shop is closed". "Opened" ni tukio: mtu alikuja, akafungua. Kwa Kiswahili tungetenganisha duka liko wazi na duka lilifunguliwa saa tatu.

Dhana: mtu "open" ni mtu kaifang

Kaifang ni neno la sera ya China iliyoanza Desemba 1978, mageuzi na kufungua nchi. Lakini likisemwa kuhusu mtu, hasa mwanamke, linaweza kumaanisha amelegea katika mambo ya mapenzi. Kwa Kiingereza "she is very open" ni sifa: hafichi anachofikiri. Nimeshaona mwanafunzi wa kike akikasirika kwa kusifiwa.

Dhana: kaishui ni "open water"

Kaishui ni maji yaliyochemshwa. "Open water" ni bahari au ziwa, mahali waogeleaji wanapokwenda wakiacha bwawa.

Dhana: Hong Kong na Singapore wanasema "open the light", kwa hiyo ni sawa

Wanasema, na wanaelewana. Kwa Kikantoni, Kichina cha Hong Kong, ni hoi dang, herufi ileile. Sina ugomvi na Kiingereza chao nyumbani kwao. Lakini mwanafunzi wangu analipa ada ili aeleweke na watu wasiojua hoi wala kai, na anayefanya IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, anapimwa kwa uteuzi wa maneno.

Yule wa taa, baada ya ubishi, alinipa karatasi ya maelekezo anayoiweka ndani ya kila boksi. Mstari wa tatu ulisema: "Do not open the lamp with wet hands." Alikusudia kuonya watu wasiwashe taa wakiwa na mikono mibichi. Mnunuzi wa Mombasa akisoma hapo anaelewa asiifungue kwa bisibisi mikono ikiwa mibichi, kisha anakwenda kwenye swichi na mikono ileile. Tuliandika "turn on" kabla hajaondoka darasani.