Mvuvi niliyemkata

Tulikuwa watu saba kwenye baraza ya nyumba moja Kikwajuni, Unguja, kahawa na kashata katikati, tunausoma kwa sauti muswada wa filamu niliouandika kutokana na riwaya moja. Kila mmoja kashika mhusika wake. Hiyo ni desturi yangu kabla sijamkabidhi mtayarishaji chochote, kwa sababu neno lililokaa vizuri kwenye karatasi linaweza kukwama kooni likisemwa. Tukafika mwisho. Msichana wa miaka 12 anatundika jarife kuukuu, wavu wa kuvulia papa, mlangoni, taa imezimika, jini anakuja mpaka kizingitini, anasimama. Anasimama usiku kucha. Alfajiri inamkuta hapo hapo, na kisa kinakwisha.

Kimya. Halafu kijana wetu wa kunasa sauti, aliyekuja kusikiliza tu, akauliza: "Samahani maalim, huyu jini alikuwa anangoja nini?"

Nikaziangalia karatasi zangu. Jibu lilikuwapo, ila si kwenye muswada. Lilikuwa kwenye riwaya, sura ya tatu, kinywani mwa mvuvi mzee ambaye mimi mwenyewe nilimfuta kwa kalamu nyekundu mwezi mmoja nyuma.

Kazi yangu ni kugeuza vitabu kuwa miswada ya filamu. Mara nyingi naletewa hadithi fupi au michezo ya redio, vitu vya kurasa thelathini, arobaini. Hii ilikuwa riwaya ya fantasia ya kurasa 640, haijachapishwa bado, na mwandishi wake ni binti wa Wete, Pemba. Kaniruhusu nieleze yaliyotokea ila jina la kitabu nisilitaje mpaka kitoke. Mtayarishaji alitaka filamu isiyozidi dakika 110.

Mvuvi yule alikuwa na kurasa 18 na hakufanya lolote ndani yake. Amekaa chini ya mti wa mkungu anashona jarife na kusema. Anasema habari za kusi lililochelewa, za mkewe marehemu, za bei ya papa ilivyoanguka. Katikati ya soga hizo, katika mistari miwili, anamwambia msichana kwamba jini hapiti penye macho mpaka ayahesabu yote, na wavu una macho mengi kuliko usiku ulivyo na saa. Kisha anarudi kwenye papa wake. Nilisoma nikasema huyu mzee hana kazi humu. Nikamkata, nikaona nimeokoa dakika kumi.

Hapo ndipo riwaya za namna hii zinapotofautiana na nyingine. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyotoka 1999, ilifanywa filamu na Amil Shivji mwaka 2021. Ile ni Unguja ya wakoloni, na mtazamaji anaingia tayari anajua polisi wa mkoloni ni nani na ndoa ya kulazimishwa inauma vipi. Mwandishi wa muswada hana haja ya kumfundisha. Kwenye fantasia mwandishi anajenga mpaka sheria za dunia yenyewe: nani anakufa kwa nini, nani hapiti wapi. Sheria hizo lazima zipandwe mahali, na fundi hodari hazipandi pale penye mapigano ambapo utaziona. Anazificha kwenye soga, kwenye safari, kwenye chakula cha jioni, ili uzisahau, zikurudie baadaye ukiwa huna habari. Basi zile kurasa za polepole, ambazo kisu cha mtu wa filamu huanza nazo, ndizo zilizobeba nguzo.

Wakubwa wa kazi hii nao wamepita hapo. Tolkien, mwandishi Mwingereza, alitoa riwaya yake ya fantasia The Lord of the Rings mwaka 1954 na 1955. Peter Jackson alipoigeuza kuwa filamu tatu, 2001 mpaka 2003, alimwacha nje Tom Bombadil, mzee wa msituni anayeimba ovyo, ambaye ile pete inayowatia watu wazimu haimfanyi kitu. Wapenzi wa kitabu wananung'unika mpaka leo. Mimi namuelewa Jackson. Umeshahangaika kumtia mtazamaji hofu ya pete, halafu umlete mtu anayeichezea kama kizibo cha soda? Hofu yote inamwagika.

Lakini Bombadil hakuondoka peke yake. Kitabuni, wale vijana wafupi waliosafiri na pete, wakishatoka nyumbani kwake, wananaswa kwenye makaburi ya kale. Yeye ndiye anayekwenda kuwatoa, na kwenye hazina ya makaburi anawachagulia visu vilivyofuliwa na watu waliopigana na ufalme wa mchawi mmoja, zama nyingi nyuma. Mamia ya kurasa mbele, kijana mmojawapo, Merry, anamchoma mchawi yule yule kwa kisu kile, na Tolkien anatwambia wazi kwamba silaha nyingine isingeuvunja uchawi wake namna ile. Kisu kimesubiri karne hata karne, kimemfikia aliyefuliwa kwa ajili yake. Kwenye filamu makaburi hayamo. Silaha wanagaiwa njiani na Aragorn, shujaa anayewaongoza, vivi hivi, na Merry anapochoma anachoma kwa chuma tu.

Mbona basi sinema nzima hakuna aliyeuliza kama alivyouliza kijana wangu? Kwa sababu mchawi yule ametoka kujigamba kwamba hakuna mwanamme wa kumuua, na pale pale Éowyn, mwanamke aliyekuja vitani kwa nguo za askari, anavua kofia ya chuma, nywele zinamwagika, anamwambia yeye si mwanamme. Nani atakumbuka kisu? Jackson alitoboa tundu, akaweka juu yake kitu kinachong'aa kiasi kwamba macho hayakushuka kwenye tundu. Hii ndiyo sehemu ya kazi isiyofundishwa. Kukata anaweza kila mtu. Mimi nilikata nikaliacha tundu langu wazi, katikati ya mlango, usiku wa mwisho.

Watu hudhani kinachotutesa ni unene wa kitabu. Kitabu cha kwanza cha Harry Potter kina kurasa 223 katika toleo la Uingereza, na filamu yake ni dakika 152. Cha tano kina kurasa 766, filamu yake dakika 138. Upande wa pili kuna The Hobbit, kitabu kimoja chembamba cha Tolkien cha 1937 kilichovutwa mpaka kikawa filamu tatu, 2012 mpaka 2014, na kwa maoni yangu unaiona nguo imekunjuliwa mpaka nyuzi zinahesabika. Urefu wa filamu unaamuliwa na vitu vingine.

Ukiingia nyumba za zamani za Mji Mkongwe utakuta vyumba virefu lakini vyembamba. Hakuna aliyeupenda wembamba ule. Dari limelala juu ya boriti za mikoko, na boriti ina kimo chake, basi chumba hakiwi kipana kuliko mti uliokatwa kwenye mkandaa. Sisi boriti yetu ni saa mbili, na mwenye sinema ndiye aliyeikata: filamu ikiwa ndefu sana, haionyeshi mara tatu kwa siku, na tiketi ni chache. Usinambie watu hawawezi kukaa. Mama yangu na wenzake walikuwa wakikaa saa tatu sinema ya Majestic kwenye filamu za Kihindi, wanalia, wanatoka intavali kununua njugu, wanarudi kulia tena.

Ralph Bakshi alijaribu kitabu cha Tolkien mwaka 1978 kwa katuni, filamu ikaishia katikati ya kisa na sehemu ya pili hakuitengeneza. Jackson naye studio ya kwanza ilitaka yote yaingie kwenye filamu moja. Akahamia kwa wengine, wakampa tatu, akazipiga zote kwa pamoja New Zealand kwa zaidi ya mwaka. Sisi tuna kamera moja, jenereta la kuazima, na bahari ambayo kusi likishika hakuna mtu anayekupeleka kisiwa cha Misali. Habari za bajeti nitaziacha hapo.

Kuna jambo jingine ambalo fedha hailiponyi. Mwaka 1995 popobawa, jini wa usiku, alipozuka Pemba kisha akavuka Unguja, mimi nilikuwa skuli ya msingi. Tulilala nje, mtaa mzima, moto katikati, wazee macho. Kila mtu alikuwa na popobawa wake. Wa huyu ana mbawa, wa yule ana jicho moja, wa jirani yetu alikuwa harufu tu. Tulimuogopa kwa sababu hakuna aliyeweza kumaliza kumchora. Riwaya inafanya hivyo hivyo: mwandishi anasema "kitu kirefu kilisimama mlangoni", na wasomaji elfu wana vitu virefu elfu. Filamu inamwajiri mtu mmoja na kompyuta yake, anatengeneza kimoja, na kuanzia hapo wote wana kile. Mtayarishaji alikuwa ameshalipia mchoro wa jini mwenye pembe na misuli. Kwa kweli alifanana na mnyanyua vyuma wa gimu aliyekosa usingizi. Nilimuomba mchoro ule tuuweke kwenye tangazo ukutani, filamuni tubaki na kivuli.

Na akisema, atasema kwa lugha gani? Tolkien alikuwa mtaalamu wa lugha, akawabunia watu wake ndimi nzima zenye sarufi, na filamu ikawapa waigizaji mistari hiyo na tafsiri chini ya picha. Binti wa Wete alikuwa na hazina karibu zaidi: jini wake, kwa kuwa ni wa kale, anasema Kikae cha Makunduchi, lahaja ya kusini mwa Unguja. Kwenye karatasi ilipendeza sana, ina uzito, haieleweki yote lakini masikio yanaitambua. Tuliposoma barazani, watu wa Mjini wakacheka, eti kama ami fulani aliyekuja kudai shamba. Na mwenzetu mmoja wa Kusini hakucheka kabisa. "Kwani sisi ndio majini?" Akaweka kikombe chini. Tulihamia kwenye sini nyingine haraka.

Sikumlaumu. Msomaji peke yake na kitabu anaisikia lahaja ile kama sauti ya zamani. Mbele ya kadamnasi, Ngome Kongwe usiku wa tamasha la filamu, lahaja ina watu wake na watu hao wamekaa safu ya tatu.

Wakati fulani nilidhani hadithi za bibi zetu ndizo zingenifunza njia, kwani nazo zimejaa maajabu na zilitoshea usiku mmoja. Kwa kiasi fulani zinafunza. Ile ya Sultani Majnuni na nunda mla watu, ambayo Edward Steere aliiandika hapa Unguja na kuichapisha 1870, ina kijana anayemletea mama yake mnyama baada ya mnyama, mpaka twiga, mpaka ndovu, na kila mara anaimba kuuliza kama huyu ndiye, naye anaimbiwa siye. Mkekani unaimba na bibi, unataka mnyama mwingine aje. Nilijaribu kuigeuza mara moja. Kwenye skrini mnyama wa nne tu watu washatoa simu. Kiitikio kinaishi kwa mwenye kuitikia.

Turudi kwa mvuvi. Wiki mbili nilihangaika. Nilianza kwa kumpa msichana mistari usiku ule wa mwisho: "Bibi aliwahi kuniambia kwamba jini..." Nikaifuta kabla wino haujakauka. Mtu mwenye jini mlangoni hatoi darasa. Nikajaribu sauti ya msimulizi mwanzoni, ikawa kama tangazo la afya. Nikajaribu kumrudisha mzee na mistari yake miwili bila papa, bila mke, bila upepo. Hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote, kwa sababu soga zikishaondoka, mistari miwili inasimama peke yake inapiga kelele: nikumbukeni, nitakuja kuhitajika!

Mwisho nilimrudisha bila neno hata moja. Jioni, mzee hafungi mlango wa banda lake. Anatundika jarife mahali pa mlango, anaingia kulala. Asubuhi msichana anapita na ndoo. Mchangani kuna nyayo zilizokuja mpaka kwenye wavu, halafu zimekwenda kushoto, kulia, kushoto, kulia, mpaka mchanga umekuwa njia. Mzee anatoka, anakunja wavu wake begani, anakwenda pwani. Sekunde 40. Na usiku wa mwisho tunaona kivuli cha kidole kikigusa jicho moja la wavu, la pili, la tatu. Kijana wa sauti ndiye aliyeongeza mnong'ono: mia mbili na sita, mia mbili na saba, kisha upepo unautikisa wavu, kimya kidogo, moja, mbili. Kikae tukakiacha. Jini hana jingine la kusema katika filamu nzima ila kuhesabu.

Tulisoma tena barazani, na safari hii hakuna aliyeuliza. Nikampelekea binti kurasa zile kwa simu. Jioni akanirudishia ujumbe wa sauti, nyuma yake nasikia watu wanaanua karafuu kabla ya mvua.

"Maalim, nashukuru umemrudisha babu. Lakini mbona umemkata ulimi?"

Nikamwambia ulimi ungekula dakika sita. Kajibu kwa kuniletea kurasa 18 zile zile, zote, kapigia mstari pale mzee anapomtaja mkewe.