Pampu ya SU: isikilize kabla ya kuifungua

Washa swichi bila kupiga starta, kisha tulia usikilize. Pampu nzima ya SU, yaani pampu ya petroli ya umeme ya magari ya zamani ya Uingereza, hulia tiki-tiki-tiki kwa kasi wakati bakuli za kabureta zinajaa, mlio unapungua, halafu kimya. Kwenye MGB sauti hiyo hutoka nyuma, chini ya gari. Kwenye Morris Minor hutoka chini ya boneti. Nimetengeneza pampu hizi kwa miaka mingi na hadi leo kazi yangu huanzia masikioni, kwa sababu nyingi zinazoletwa zikiitwa mbovu zina kosa dogo la kusafisha na kurekebisha, au hazina kosa lolote na ugonjwa uko kwingine. Inaniuma kuona pampu ya shaba na alumini iliyotengenezwa ili ifunguliwe na kufungwa tena ikitupwa kwa sababu tu hakuna aliyeisikiliza.

Ili mlio ukuambie kitu, ni lazima ujue kinachotokea ndani. Koili ikipata umeme inakuwa sumaku na kuvuta amecha, kipande cha chuma ambacho kimeshikana na diaframu, utando unaonyumbulika. Diaframu ikivutwa inanyonya petroli kutoka tangini na papo hapo inaikandamiza springi. Mwisho wa safari hiyo, fimbo ya amecha inazigeuza roka, mikono midogo iliyo upande wa pili wa koili, na platini, yaani ncha mbili zinazopitisha umeme zikigusana, zinaachana ghafla, umeme unakatika. Sasa springi inairudisha diaframu na kuisukuma petroli kwenda mbele. Diaframu ikifika mwisho, roka zinageuka tena, platini zinagusana, mzunguko unaanza upya. Kila tiki unayoisikia ni roka zikigeuka.

Hapo kuna jambo ambalo wengi hawalioni. Umeme unanyonya tu. Kinachosukuma ni springi. Kwa hiyo presha ya mafuta imewekwa na nguvu ya springi, wala haiongezeki ukiongeza volti. Na bakuli la kabureta likijaa, sindano yake ikafunga njia, springi hukosa pa kuisukumia petroli, diaframu inabaki palepale, platini zimeachana, na pampu inapumzika bila kutumia umeme hata kidogo. Ndiyo maana haihitaji kifaa cha kupunguza presha wala bomba la kurudisha mafuta tangini.

Ukilielewa hilo, pampu iliyonyamaza itakuambia yenyewe ugonjwa uko upande gani. Njia ya mbele ikiziba, pampu inakwama katikati ya kusukuma: platini zimeachana, mwili wake ni wa baridi. Njia ya kutoka tangini ikiziba, inakwama wakati wa kuvuta: platini zimegusana, umeme unapita mfululizo, na koili inapata moto. Basi weka mkono juu ya koili. Pampu iliyonyamaza ikiwa ya moto, usiiache swichi imewashwa, maana koili ndiyo inayoungua.

Baada ya hapo chukua taa ya kupimia. Chomoa waya kwenye pampu, uguse kwa taa. Isipowaka, tafuta fyuzi, swichi au kiungio kilichoshika kutu, na uiache pampu kabisa. Ikiwaka, rudisha waya, legeza bomba la kuingizia. Pampu ikianza kulia, kuna kizuizi kati yake na tangi: bomba limebonyea, chujio limejaa uchafu, au tangi halipumui kwa sababu tundu la kifuniko limeziba. Hilo la mwisho nalikuta mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Gari linakwenda vizuri dakika kadhaa, linazimika, ukifungua kifuniko cha tangi unasikia hewa ikiingia kwa kishindo. Ukitaka kupuliza bomba kwa kompresa, lichomoe kwanza kwenye pampu. Hewa yenye nguvu ikipita ndani ya pampu inaharibu valvu.

Pampu inayolia kwa kasi bila kukoma, huku kabureta zikikosa mafuta, inanyonya hewa. Tumbukiza mwisho wa bomba la kutolea ndani ya petroli kwenye mtungi. Mapovu yakitoka mfululizo, kuna kiungio kilicholegea au hosi iliyopasuka upande wa tangi. Ile inayonyamaza vizuri kisha ikapiga tiki moja moja huku injini imezimwa, ina valvu inayovujisha kurudi nyuma, au sindano ya kabureta haifungi sawasawa. Tiki moja baada ya nusu dakika au zaidi sijali. Zikiwa za haraka kuliko hapo, nafungua. Na ile inayoamka ukiigonga kwa mpini wa bisibisi ina platini chafu, karibu kila mara. Kuigonga ni kipimo kizuri. Si tiba, na siku moja itakuacha njiani.

Kuna dalili moja ambayo nikiiona sigusi swichi tena. Vua kifuniko cheusi cha mwisho, kilichofunika platini. Humo ndani panatakiwa pawe pakavu kabisa. Ukikuta unyevu wenye harufu ya petroli, au doa la kahawia linaloshuka kutoka kwenye tundu la fimbo, diaframu imepasuka na petroli imevuka kuingia upande wa cheche. Chomoa betri. Pampu hiyo haiwashwi hata kwa majaribio mpaka ifunguliwe.

Sasa tuifungue. Betri imechomolewa, uko nje penye hewa, hosi ya kutoka tangini imebanwa, kwa sababu kwenye magari mengine tangi liko juu kuliko pampu na mafuta yatashuka yenyewe. Kabla ya kugusa skrubu yoyote, chora mstari unaovuka kutoka kwenye nyumba ya koili hadi kwenye mwili wa chini. Skrubu ni 6 na mwili unaweza kukaa mahali 6 tofauti. Bila alama hiyo utakuja kujikuta mabomba yanatazama pembeni. Tumia bisibisi inayojaza mfereji wa skrubu, maana ni laini na zimekaa hapo miongo mingi.

Nyumba ya koili ikishaachana na mwili, shika diaframu kwa ukingo wake na uizungushe kinyume cha saa mpaka fimbo itoke kwenye roka. Fanya hivyo juu ya sinia. Pampu za zamani zina vigurudumu 11 vya shaba vilivyokaa kuizunguka amecha ili isiguse kando, na vitamwagika vyote. Vihesabu. Pampu za baadaye zina kipande kimoja cha plastiki badala yake, na hapo kazi ni nyepesi.

Diaframu iliyochoka utaijua kwa vidole. Inakunjika kama karatasi kavu, na kwenye duara la springi kuna nyufa nyembamba zinazoonekana ukiielekeza kwenye mwanga. Hata kama haijapasuka, ikishakuwa ngumu inapunguza safari ya amecha na inabadilisha marekebisho yote, kwa hiyo sirudishi diaframu ya zamani. Petroli za siku hizi zenye ethanoli zimeongeza tatizo hili: zinashambulia mipira na vitambaa ambavyo havikutengenezwa kwa ajili yake. Unaponunua vipya, hakikisha vimekusudiwa mafuta hayo. Petroli iliyolala ndani kwa muda mrefu nayo huacha utomvu wa kahawia unaonuka kama rangi iliyoharibika. Loweka vipande vya chuma kwenye spiriti, sugua kwa brashi ngumu, rudia. Chujio dogo lililo ndani ya pampu lisafishwe kwa brashi hiyohiyo.

Valvu zina upande. Zile za visahani vya shaba, uso laini unakaa chini. Zile za plastiki ndani ya vikombe vya bati, moja inatazama huku na nyingine kule, kwa hiyo piga picha kabla ya kuzitoa. Zikishakauka, puliza na unyonye kwa mdomo. Upande mmoja hewa ipite, upande wa pili izuie. Kipimo hiki hakihitaji chombo chochote na sijapata kingine kinachokizidi.

Platini zikiwa na vumbi jeusi tu, pitisha kipande cha karatasi safi katikati yake, zikiwa zimebanwa kidogo, mpaka kitoke cheupe. Zikiwa na kishimo upande mmoja na kilima upande wa pili, badilisha roka pamoja na ukanda wa juu. Msasa utazipa uhai mfupi tu. Pini inayoshikilia roka ni ya chuma kilichotiwa ugumu maalumu. Nimekuta watu wameweka waya wa kawaida au msumari mwembamba, na matokeo yake ni roka zinazolegea na pampu inayokwama ovyo. Pini iwe ya pampu hiyo, basi. Uangalifu huohuo uwe kwenye washa (kiduara chenye tundu) ndogo ya risasi iliyo kwenye skrubu ya umeme: inapondwa ikifungwa ili ishike vizuri, kwa hiyo weka mpya, na usikaze kupita kiasi kwa sababu kiti cha bakelaiti kinapasuka.

Tumefika kwenye sehemu ambayo ndiyo moyo wa kazi yote, na ndipo pampu nyingi zilizotengenezwa hushindwa. Springi inaingia ndani ya nyumba ya koili, mdomo mpana ukielekea koili, na washa laini inakaa kwenye kishimo cha amecha. Zungusha diaframu kulia ili fimbo iingie kwenye roka, mpaka ukiisukuma amecha roka zisigeuke kabisa. Rudisha vigurudumu, au kile kipande cha plastiki. Toa ukanda wa juu wa platini ili usikuingilie. Shika nyumba ya koili ikiwa imelala, kisha kwa kidole gumba sukuma katikati ya amecha, taratibu, kwa nguvu isiyobadilika. Usisukume kwa kushtukia, kwa sababu ukishtukia roka zitageuka mapema na kipimo kitakudanganya. Roka zisipogeuka, fungua diaframu kushoto kwa tundu moja, yaani moja ya sita ya mzunguko, usukume tena. Endelea hivyo mpaka ufike pale roka zinapogeuka kwa shida. Linganisha matundu ya diaframu na ya nyumba ya koili. Kutoka hapo fungua matundu 4 zaidi, ambayo ni theluthi mbili ya mzunguko. Usiiguse tena.

Ukiacha diaframu imeingia mno, roka hazitageuka na koili itabaki na umeme. Ukiitoa mno, safari inakuwa fupi: pampu inalia vizuri lakini mafuta ni machache. Pampu ya namna hiyo hupita mtihani wa barazani na kushindwa kwenye mlima.

Rudisha ukanda wa platini. Roka ya nje ikisukumwa kuelekea nyumba ya koili, ukanda ulale juu ya mbavu ndogo ya kiti. Roka ikirudi, nafasi kati ya ukanda na kiti iwe milimita 0.9. Roka za toleo la baadaye zina kidole kinachotazama nyumba ya koili, na nafasi kati yake na nyumba hiyo ni milimita 1.8. Pima kwa fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi, usikadirie kwa macho.

Pampu yenye vigurudumu ina hatua moja ya ziada. Skrubu 6 zikiwa zimeshika bila kukazwa, ingiza kijiti cha kiberiti chini ya roka ya nje ili platini zibaki zimegusana, kisha pitisha umeme. Diaframu itavutwa hadi mwisho na kukaa mahali pake. Kaza skrubu kwa kuvukavuka huku umeme upo, kisha kata na utoe kijiti. Hakuna gundi wala silikoni kwenye diaframu. Ikihitaji gundi ili isivuje, basi uso wa chuma umepinda na unatakiwa kusawazishwa.

Kabla ya kuunganisha, tazama kinachozima cheche. Kuna pampu zenye kondensa, ambazo hazijali nguzo za betri. Kuna zenye daiodi, na hizo zinajali sana. Magari mengi ya Uingereza ya zamani yana athi chanya, yaani nguzo chanya ya betri ndiyo iliyofungwa kwenye mwili wa gari, na MGB iligeuzwa kuwa athi hasi mwishoni mwa 1967. Daiodi ikiunganishwa kinyume inapitisha umeme wote, na inaungua papo hapo. Kama gari limewahi kugeuzwa nguzo, usiamini mwaka wa kutengenezwa. Angalia betri yenyewe.

Majaribio ya mezani nayafanya kwa mafuta ya taa, kamwe si petroli. Pampu inyonye kutoka kwenye mtungi ulio chini yake, itoe kwenye mtungi mwingine, bila mapovu. Aina ya L ya zamani inapaswa kutoa karibu lita 36 kwa saa, na ile ya MGB karibu lita 68. Kisha ziba tundu la kutolea kwa kidole: ikate mlio na ibaki kimya. Mwisho nashusha volti hadi 9.5. Pampu iliyorekebishwa vizuri bado inalia, polepole, na hiyo ndiyo itakayokuwashia gari siku betri imechoka.

Kuhusu zile za kielektroniki zisizo na platini, ni nzuri kwa gari linaloendeshwa kila siku. Kwa gari linalolala gereji miezi mizima huwa naacha platini, kwa sababu mwenye gari anaweza kuzisafisha mwenyewe akiwa barabarani na kipande cha karatasi. Wakati wa kuirudisha, tundu la kutolea likae juu ili hewa iweze kutoka, pampu ipewe waya wake wa athi unaofika kwenye chuma kitupu, na ukingo wa kifuniko cheusi uzungushiwe utepe. Yale matundu ya kupumulia usiyafunike.