Ile asilimia ya Njombe, naieleza tena

Alhamisi iliyopita, kwenye mhadhara wangu wa jioni hapa Mbeya, kasimama mtu wa mwaka wa tatu, si mgeni wa fani: "Dokta, kiwango cha maambukizi ya VVU Njombe bado kiko juu, ina maana watu hawasikii." Nikaweka chaki chini. Mwaka wa nane huu nafundisha epidemiolojia, elimu ya magonjwa yanavyoenea kwa watu, na kila mwaka yupo mmoja.

Nusu ya kosa ni la Kiswahili chetu. Tunasema "kiwango cha maambukizi" tukimaanisha wote wanaoishi na VVU leo, wa juzi na wa 1998. Masikioni inasikika kama watu wanaambukizana muda huu. Ingia kilabu cha ulanzi saa kumi jioni ukute watu arobaini. Utajuaje wangapi wameingia sasa hivi na wangapi wamekaa tangu asubuhi? ARV, dawa za kufubaza virusi, zimefanya watu wasitoke. Zamani walitoka kwa jeneza. Siku hizi mtu anameza dawa, analima viazi, anapata wajukuu, na kila utafiti ukipita anahesabiwa. Asilimia ikikaa juu yaweza kuwa habari njema kabisa, maambukizi mapya yakiwa yamepungua. Yasipopungua, nayo itakaa juu. Ndiyo kero yake.

Halafu kuna wale wa "Iringa ilishuka". Kweli, utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2007-08 uliipa asilimia 15.7, wa 2011-12 ukaipa 9.1. Jamani, Njombe ilikuwa ndani ya Iringa! Ilipokatwa kuwa mkoa iliondoka na 14.8 yake. Uliohama ni mpaka. Ila nisiwapunje: hata ukiichanganya mikoa hiyo miwili upya hufiki 15.7, kwa hiyo kitu kidogo kilishuka, au ni sampuli tu. Siapi. Mbeya na Songwe, iliyokatwa Mbeya vilevile, fanyeni wenyewe.

Maambukizi mapya ya mkoa mmoja? Sampuli haitoshi, wanaokutwa na virusi vya karibuni ni wachache mno. Nikiwatajia namba, jueni nakadiria.

"Sasa tuangalie nini, Dokta?" Nikamwambia aanze na vijana wa miaka 15 hadi 24, hao hawajakaa kilabuni muda mrefu. Ingawa siku hizi wamo waliozaliwa na virusi, dawa zikawakuza, na hesabu yangu inavurugika upya.