Nairobi hadi New York si safari ya saa 7

Wengi husoma tiketi ya ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi kwenda New York, wakaona kuondoka saa tano usiku na kufika saa kumi na mbili asubuhi, wakahesabu saa 7. Tiketi ya kurudi huonyesha kuondoka saa sita mchana na kutua saa nne asubuhi ya kesho yake, yaani saa 22, na hapo hudhaniwa kuwa dunia, kwa kuwa huzunguka kuelekea mashariki, humlaki anayekwenda magharibi na kumkimbia anayerudi.

Dhana hiyo inaeleweka, kwani tiketi haielezi kwamba kila saa iliyoandikwa ni ya mji husika. Majira ya baridi ya Marekani, New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 8. Ukizijumlisha katika safari ya kwenda unapata saa 15, na ukizitoa katika ya kurudi unapata 14. Umbali ni ule ule, takriban kilomita 11,800. Anga nayo huzunguka pamoja na dunia, ndiyo maana ndege haiachwi nyuma. Saa moja inayopungua wakati wa kurudi hutokana hasa na pepo kali za juu zivumazo kutoka magharibi.

Anayetaka kuhakikisha na asibadili majira ya saa yake ya mkononi mpaka atue. Umbali nao hupimwa vyema kwa uzi uliokazwa juu ya tufe la dunia, kwa sababu ramani bapa hupotosha masafa marefu.