Kidonda cha Mwambani Kikianza Kuvimba: Acha Kusubiri Kesho

Wapanda miamba wanaofika kwetu hospitalini na maambukizi mabaya ya ngozi hufanana kwa jambo moja. Kidonda kilianza kuwaka moto na kuvimba wakiwa bado safarini, wakakiona, wakakifunga plasta juu, wakaendelea kupanda. Wanafika mkono umevimba hadi kiwiko, wanatetemeka kwa homa, na kauli ya kwanza ni "nilidhani kitapoa chenyewe." Maswali haya ni yale wanayoniuliza, baadhi yao wakiwa tayari kitandani.

Ugonjwa wenyewe ni nini?

Ni maambukizi ya bakteria kwenye ngozi na nyama laini iliyo chini yake. Kitaalamu huitwa selulaitisi. Wahusika wakuu ni wawili, streptokoka na stafilokoka, na wote huishi kwenye ngozi, puani au kooni mwa watu wenye afya njema bila kuwadhuru. Kwa hiyo usiutafute uchawi wa mwamba fulani mchafu. Mara nyingi bakteria ulikuwa nao mwenyewe. Mwamba ulikufungulia mlango tu.

Ni mchubuko mdogo. Unaweza kweli kunilaza hospitali?

Ndiyo, na ndio unaolaza wengi. Kidonda kikubwa humtisha mtu, akakiosha na kukipeleka kwa mtaalamu. Kidogo hakimtishi mtu. Ngozi ya kidole imechanika, lengelenge limepasuka kisiginoni kwa sababu ya viatu vinavyobana, ugoko umekwaruzwa, mgongo wa kiganja umechubuka kwa kuingizwa kwenye ufa wa mwamba. Juu yake inakuja chaki ya kukausha mikono, jasho, vumbi na plasta iliyolowa ambayo haijabanduliwa tangu juzi. Halafu mtu analala kwenye hema bila kunawa. Hapo bakteria hawahitaji msaada zaidi.

Nitajuaje kwamba huu si uponaji wa kawaida?

Angalia mwelekeo. Kidonda kinachopona huweza kuvimba kidogo na kuuma siku ya kwanza au ya pili, kisha kila siku kinapungua. Kilichoambukizwa kinaongezeka: uvimbe unatanuka, maumivu yanazidi, ngozi inakuwa ya moto na kukaza, pengine usaha unatoka.

Vitabu vingi husema utafute wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu mara nyingi hauonekani, na watu wanachelewa kwa sababu hiyo. Tafuta sehemu iliyokolea rangi kuliko ngozi ya jirani, yenye rangi ya zambarau au weusi uliozidi, inayong'aa kwa kuvimba. Iguse kwa mgongo wa mkono, kisha gusa mahali hapohapo upande wa pili wa mwili. Tofauti ya joto utaihisi.

Chukua kalamu, chora mstari kuzunguka ukingo wa uvimbe na uandike saa pembeni. Uvimbe ukivuka mstari, hakuna cha kujadili.

Kesho ndiyo siku ya mwisho ya safari. Nisubiri kesho?

Hapana.

Najua mmejipanga kwa muda mrefu, najua wenzako watalazimika kukatiza. Bado ni hapana. Uvimbe unaotanuka hauna ratiba ya safari yenu. Tena wewe uko mbali: kuna kushuka, kuna kutembea hadi barabarani, kuna kutafuta gari. Mtu aliye karibu na hospitali akichelewa saa chache, amechelewa saa chache. Wewe ukichelewa saa hizo, ongeza na za njiani. Ndiyo maana uamuzi wa kushuka unafanywa wakati bado unaweza kushuka kwa miguu yako na kushika kamba kwa mikono yote miwili, si wakati wenzako wanapaswa kukubeba.

Lakini nikimeza dawa ya maumivu nasikia nafuu, na homa inashuka. Bado nisisubiri?

Bado usisubiri! Dawa ya maumivu inatuliza maumivu na kushusha homa, bakteria haiwagusi. Wanaendelea na kazi yao wakati wewe unajisikia vizuri. Hasa dawa kama ibuprofeni na diklofenaki huweza kuficha dalili ambazo zingekutisha mapema. Kumeza ili uweze kushuka, sawa. Kumeza ili upande njia moja zaidi ni kujidanganya, na nimechoka kuliona hilo.

Nina mchirizi mwekundu unaopanda mkononi, na tezi za kwapani zimevimba. Ni kweli ukifika moyoni ninakufa?

Mchirizi ule ni njia za limfu, yaani mishipa midogo inayobeba majimaji ya mwili, zilizovimba kwa sababu maambukizi yanasafiri kupitia humo. Tezi za kwapani huvimba kwa ajili hiyo, na kidonda kikiwa mguuni, utapata mtoki kwenye kinena. Hadithi ya kufika moyoni si ya kweli. Lakini usifurahi upesi: mchirizi unaonyesha kuwa maambukizi yametoka kwenye kidonda, na yanaweza kuingia kwenye damu. Unashuka leo. Usifunge kamba wala kitambaa juu ya mchirizi ukidhani unauzuia. Utazuia damu na kuuumiza mkono zaidi.

Ni dalili zipi za kukimbia sasa hivi, hata kama ni usiku?

Ya kwanza ni maumivu yasiyolingana na unachokiona. Ngozi haionekani mbaya sana, lakini mtu analia, hataki hata nguo imguse. Hii ni dalili ya maambukizi yanayoozesha nyama kwa ndani, kwenye utando unaofunika misuli. Si ya kawaida, lakini anayeipata hana muda. Baadaye ngozi hugeuka zambarau au kijivu, hutoa malengelenge yenye majimaji meusi, na sehemu iliyokuwa ikiuma hufa ganzi. Ganzi hiyo watu huiita nafuu. Si nafuu, ni neva zinakufa. Hapo vidonge peke yake havifui dafu. Mgonjwa anahitaji kupasuliwa na nyama iliyokufa kuondolewa, na kila saa inayopotea inaongeza kiasi cha nyama kitakachokatwa.

Nyingine ni za mwili mzima: kutetemeka kwa baridi, kupumua haraka, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa au kuongea ovyo, kukosa mkojo, mikono na miguu kuwa ya baridi. Huyo maambukizi yamemzidi. Ombeni msaada wa uokoaji, asiachwe peke yake, na asishushwe kwa kamba akijitegemea.

Kidole kimoja tu kimevimba. Kidole nacho ni dharura?

Kwa mpanda miamba, kinaweza kuwa. Kama kidole kimevimba chote, kimejikunja kidogo na hakitaki kunyooka, kinauma ukikibonyeza upande wa kiganja, na mtu akikinyoosha unaruka kwa maumivu, huenda maambukizi yameingia kwenye ala ya kano, yaani mfuko unaoizunguka kano ya kidole. Usaha ukikaa humo unaharibu kano, na kidole kinaweza kubaki kigumu maisha yote. Daktari wa upasuaji akione siku hiyohiyo. Nashangaa kwamba watu wanaotunza kamba zao kwa uangalifu mkubwa hawatunzi vidole vinavyoishika.

Nina antibiotiki zilizobaki tangu mwaka jana. Nianze nazo?

Kwanza, kwa nini zilibaki? Hukumaliza dozi. Pili, hujui kama zinafaa kwa bakteria hawa, na huenda hazitoshi hata siku mbili. Matokeo yake ninayaona mara kwa mara: homa inatulia kidogo, mtu anapata moyo wa kusubiri kesho nyingine, kisha anafika akiwa hoi. Kama daktari alikupa kabla ya safari dawa mahususi pamoja na maelekezo ya lini uitumie, ifuate, na ushuke vilevile. Zilizobaki za rafiki, achana nazo.

Vipi kumwagia unga wa kapsuli kidondoni? Au gundi kali, spiriti, chaki?

Unga wa kapsuli hufanya ganda juu ya kidonda na usaha hubaki chini. Kapsuli ni ya kumeza. Spiriti inachoma hata nyama nzima inayojaribu kuziba. Chaki ni ya kukausha jasho. Gundi kali wapandaji wanaipenda kwa kuunganisha ngozi ya kidole ili waendelee kupanda. Ukiiziba juu ya kidonda ambacho hakijaoshwa, umewafungia bakteria ndani wastarehe. Na kulamba kidonda, jamani, mdomoni mmejaa bakteria.

Dawa ya kidonda kibichi ni maji mengi. Maji salama ya kunywa yanatosha. Toboa kifuniko cha chupa tundu dogo, kamua chupa, acha maji yapige ndani ya kidonda hadi mchanga wote utoke. Sabuni ni ya ngozi ya pembeni. Ngozi iliyokufa inayoning'inia kata kwa mkasi safi. Paka mafuta mepesi ya mgando, funga bandeji safi, badilisha kila siku na kila inapolowa. Dakika kumi za jioni, kabla ya kuwasha jiko la kambini.

Kimekuwa jipu. Nilikamue?

Usikamue. Kulikamua huweza kusukuma usaha ndani zaidi. Jipu linapasuliwa na mtaalamu kwa kifaa safi, usaha ukatoka; mara nyingi hapo ndipo tiba ilipo, kwa sababu dawa ya kumeza haipenyi vizuri kwenye mfuko wa usaha. Wenzako wasishirikiane nawe taulo wala mkasi wa kukatia plasta.

Hospitali watanifanyia nini?

Kama umewahi, huenda ukapewa vidonge vya siku tano hadi saba, ukaambiwa uinue mkono au mguu, na ukarudi nyumbani. Wanaochelewa ndio wanaochomwa dawa kwenye mshipa, kulazwa, na wengine kuingia chumba cha upasuaji. Mweleze daktari kidonda kilipatikana wapi na lini, na kama kiliingia maji ya bahari, mto au ziwa, maana bakteria wa majini wanaweza kuhitaji dawa tofauti. Mtaje na kisukari kama unacho. Wenye kisukari, ugonjwa wa ini au kinga dhaifu hawana ruhusa ya kungoja hata uvimbe uvuke mstari wa kalamu.

Nimeanza dawa jana na uvimbe umeongezeka kidogo. Dawa haifanyi kazi?

Siku ya kwanza hadi ya pili eneo linaweza kutanuka kidogo kabla ya kurudi. Homa ikiwa inashuka na wewe unajisikia vizuri zaidi, endelea. Ikiwa baada ya saa 48 hakuna nafuu, rudi. Ikiwa hali inazidi kuwa mbaya, usihesabu saa, rudi sasa. Kuna stafilokoka sugu wasiosikia dawa za kawaida, na daktari atabadilisha. Na ukipata nafuu siku ya tatu, dozi bado haijaisha.

Sindano ya pepopunda nayo inahitajika?

Kwa kidonda chenye udongo, ndiyo kama imepita miaka 5 tangu uchanjwe mara ya mwisho, au hukumbuki, au hukuwahi kukamilisha chanjo. Kwa kidonda kidogo kisafi ni miaka 10. Antibiotiki haichukui nafasi ya chanjo hii.

Nitarudi lini kupanda?

Dozi iwe imeisha, uvimbe umekwisha, ngozi imeziba kabisa, na kidole kinakunja na kunyooka bila maumivu. Wengi huniuliza swali hili wakiwa bado na sindano ya dripu mkononi. Nawajibu tutazungumza bandeji ikitoka.