Fundi, nikazie usukani

Mashindano ya mtaani yakikaribia tu, lazima atokee mtu kijiweni kwangu na baiskeli yake ya Phoenix, apige stendi, aseme: "Fundi, nikazie usukani. Kesho naingia mbio za polepole, sitaki utikisike." Safari hii alikuwa mama muuza dagaa, mtu anayenyonga kila asubuhi kwenda sokoni na tenga kwenye keria, ila hajawahi kushindana na yeyote. Nikakataa. Akadhani natafuta kuongezwa hela.

Nimechoka kulieleza jambo hili huku nimeshika spana, kwa hiyo naliandika.

Sheria mnazijua: njia zimechorwa kwa chokaa, wa mwisho kufika ndiye mshindi, ukikanyaga chini umetoka, ukivuka mstari umetoka. Watu huja kucheka, na kicheko hicho ndicho kinachowapoteza. Wanadhani mchezo usiotoa jasho hauna ufundi, eti kinachotakiwa ni kutulia. Kutulia kwenye baiskeli ndiko kuanguka kwenyewe!

Baiskeli haisimami kwa sababu usukani umenyooka. Inasimama kwa sababu unaukata kuelekea kule unakoangukia. Simamisha ufagio kwenye kiganja: ukilalia kulia, mkono unaukimbilia kulia, uingie chini yake. Magurudumu ndiyo mkono huo. Unaangukia kulia, unakata kulia, magurudumu yanarudi chini yako. Wanaoapa kwamba wao huenda moja kwa moja wakapite kwenye mchanga mbichi, kisha washuke waangalie alama ya tairi la mbele. Utakuta inakwenda kulia na kushoto njia nzima. Kwenye mwendo wa kawaida mkato ni mdogo tu, mwili unaufanya bila kukuuliza.

Sasa punguza mwendo. Kila mkato wa usukani ni kona ndogo inayokuinua, na msaada wa kona hiyo unafuata mraba wa mwendo: ukienda nusu, kona ileile inakupa robo tu. Ndiyo maana kwenye mbio za polepole usukani lazima ukatwe sana, tena upesi, kulia, kushoto, kulia. Wanaoukaza hadi gololi zinakwama wanajifunga mikono wenyewe. Baiskeli ya namna hiyo ni taabu hata kwenye barabara ya lami, seuze pale kwenye chokaa.

Hapo huibuka mwalimu mmoja wa fizikia, simtaji, na hoja kwamba baiskeli husimama kwa sababu magurudumu yanazunguka, kwa hiyo polepole haiwezekani. Mwalimu, mwaka 1970 Mwingereza David Jones alifunga gurudumu la pili pembeni ya lile la mbele, likizunguka kinyumenyume ili kufuta nguvu hiyo. Akaipanda, ikaenda. Mwaka 2011 watafiti wa Uholanzi na Marekani wakaunda kibaiskeli kisichotegemea mzunguko wa magurudumu wala gurudumu la mbele kufuata nyuma ya mhimili wa usukani, na bado kikisukumwa kilijisimamia bila mpandaji. Mzunguko unasaidia kidogo, sikatai. Ila baiskeli ya mfano iliyopigiwa hesabu mwaka 2007 ilijisimamia yenyewe kati ya kilomita 15 na 22 kwa saa. Mbio za polepole ziko chini kabisa ya hapo. Pale hakuna wa kukubeba, ni mikono yako.

Basi yule mama akaingia bila kukaziwa. Filimbi ilipolia alifanya wanachofanya wageni wote: alibana breki zote mbili, akaganda, mguu ukashuka kabla hajapita hata urefu wa baiskeli yake. Watu hoi kwa kicheko, naye akacheka kuliko wote. Wakampa nafasi ya pili kwa sababu ni mgeni. Nikamwambia, "Mama, acha breki ya mbele. Gusa ya nyuma kidogo, huku unanyonga dhidi yake, mnyororo usilegee." Mnyororo ukilegea huna cha kusukuma pale unapoanza kuanguka. Huku watu wanapiga kelele, "Mama, kaza mikono! Usiyumbe!" Akayumba, tena sana, usukani ukicheza mpaka nikafurahi. Hakushinda. Alimwacha nyuma kijana mmoja tu, na kwenye mbio hizi kumwacha mtu nyuma ni kushindwa naye, jambo ambalo shangazi wa mama huyo pale pembeni hakulielewa hadi jioni.

Kiti msikishushe. Anayekaa juu huanguka taratibu zaidi, kama ule ufagio mrefu ulivyo rahisi kuliko kalamu.

Lenye utata kwangu ni macho. Kila mkufunzi, nami nikiwemo, husema tazama mbali. Lakini wakali wa mbio hizi ninaowaona huku kwetu hutazama karibu na tairi la mbele, na bado wanatushinda. Naendelea kufundisha kutazama mbali, ila kwa sauti ya chini.

Halafu waamuzi. Wapo wanaomtoa mtu kwa kusimama kabisa, hata kama mguu haujagusa chini, eti baiskeli lazima itembee. Kwa nini? Mwaka 1968 huko Varese, Italia, Giovanni Pettenella na Sergio Bianchetto walisimama juu ya baiskeli zao uwanjani zaidi ya saa moja, kila mmoja akimngoja mwenzake atangulie. Zile ni baiskeli zisizo na friwili, unaweza kunyonga mbele na nyuma ukabaki palepale. Phoenix ina friwili, ukinyonga kinyume miguu inazunguka bure. Kwa hiyo waacheni wasimame. Hawatakaa muda mrefu.